Miaka Mitatu ya "Wote Wamekubali"

Kazi yangu ilianza Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, saa tisa na dakika kumi alasiri, katika ukumbi wa chini wa kanisa letu la Highview, kusini mwa Louisville, kwa sababu nilikuwa na kalamu. Watu sitini walikuwemo humo na hakuna mwingine aliyekuwa nayo, au waliokuwa nayo walikuwa na akili ya kuificha. Yangu ilikuwa imeshikilia nywele.

"Weye mutoto wa Mama Furaha," mwenyekiti akasema kutoka mbele, "unajuaka kuandika Kiswahili?"

Watu wote wakageuka. Mimi watu wakigeuka, neno refu siliwezi. Nikasema: "Mm."

"Bon. Amekubali."

Hivyo tu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sasa nina kumi na saba na ni mstaafu tangu wikiendi iliyopita. Nayaandika haya kwa ajili yako, Solange, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye Jumamosi kule Buffalo nilikusikia kwa masikio yangu ukisema "mm", na kwa yeyote atakayekupokea kalamu baadaye. Kuhusu mshahara siandiki, maana haukuwepo. Kuhusu kupanda cheo, nilianza kwenye kiti cha plastiki karibu na choo, nikamaliza kwenye kiti kilekile karibu na hita.

Kwanza umjue bosi. Utasema unamjua, lakini unamjua kama mtoto anavyomjua, yaani kwa pipi zake za mnanaa. Umoja wetu wa Miji Mitatu ni sisi watu wa Kivu tuliotawanywa Louisville, Columbus na Buffalo, na mwenyekiti wake ni Papa Ezekieli. Wote tunamwita Honorable. Yeye mwenyewe anajiita hivyo hata akipokea simu ya watu wa bima. Kambini Burundi alikuwa msimamizi wa shitingi, yale maturubai ya kuezekea, na husema siasa aliianzia hapo. Hapa anaendesha foklifti katika ghala moja la Okolona, na wenzake wa kazini wanamwita Zeke. Nilijua siku niliyompelekea miwani aliyoisahau. Alinitazama kwa macho ya kuniomba, nami sikumwambia mtu mpaka leo. Hajawahi kushindwa uchaguzi. Hajawahi kushinda pia, kwa kuwa haujafanyika.

Halafu ujue vani. Kanisa moja la wazungu liliupa Umoja vani nyeupe ya viti kumi na vitano, ambayo mlango wake wa ubavuni hufunguka na kufungwa kwa nje tu. Kila siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, inazunguka kwenye apatmenti za Highview, inakusanya kina mama kumi na mmoja, inawapeleka kiwandani na kwenye nyumba ya wazee. Basi la mji halifiki huko kabla ya shifti. Dereva ni Mama Odette kwa sababu ndiye peke yake mwenye leseni. Mama yangu amejaribu mtihani wa kuendesha mara tatu. Mara ya tatu aligonga koni, akasimamisha gari, akashuka kuiinua koni na kuipangusa vumbi, na yule mpimaji akaandika kitu kirefu. Kwa hiyo bila vani mama hana kazi, na bila kazi ya mama sisi watoto wanne hatuna kitu. Lishike hilo. Honorable alilisahau.

Aliyenifundisha kazi ni Yaya Joséphine, yaya kwa maana yetu ya dada mkubwa, katibu aliyenitangulia, ambaye alihamia Columbus, mtaa wa Clintonville, kumtunza bibi mmoja mgonjwa. Alinifundisha kwa simu huku bibi akilala. "Andika kile banasema, hapana kile weye unawaza," aliniambia. "Muntu akilia, andika ameongea. Muntu akitukana, andika amesisitiza." Uwe na kalamu mbili, alisema, moja ni ya kuazimwa na haitarudi. Daftari liwe na jalada gumu, maana utaandikia mapajani. Kaa karibu na hita wakati wa baridi, na mbali na spika wakati wote. Agenda za Honorable zitakuja kwenye simu kwa vokali, ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, na wakati mwingine ni vokali nne. Zisikilize kwa mwendo wa mara mbili. Kwa mwendo huo anasikika kama mtu anayeelekea mahali.

Kuna jambo moja hakunifundisha, kwa sababu hakujua kwamba silijui.

Mwisho wa kila hoja Honorable anauliza, "Tunakubali?" Ukumbi unajibu "mm", sauti moja ya chini, kama friji ikijiwasha. Siku ile ya kwanza nikaandika: *Wote wamekubali.* Niliipenda hiyo sentensi. Ni fupi, haina jina la mtu, na hainilazimishi kuinua mkono niulize mama fulani alisemaje. Mtu mwenye aibu akipata sentensi kama hiyo anaishi ndani yake kama nyumba.

Basi nikaishi humo. Honorable alipendekeza sare ya Umoja iwe kitenge cha njano chenye picha za feni. Wote wamekubali. Siku ya sherehe waliokivaa walikuwa wawili, yeye na mke wake, na walivyosimama mlangoni walifanana na alama za barabarani. Akapendekeza watoto wasiongee Kiingereza nyumbani. Wote wamekubali, na kabla hatujafika kwenye ngazi mjukuu wake mwenyewe alimjibu kwa Kiingereza jambo ambalo sitaliandika. Akapendekeza mikutano ianze kwa wakati. Hoja hiyo ilipita mkutano ukiwa umechelewa saa mbili. Niliona ajabu kidogo, kwamba watu wanakubali kila kitu na hawafanyi hata kimoja, lakini nikafikiri ndivyo watu wazima walivyo.

Mwaka wa pili tulikwenda Columbus kwa ziara rasmi. Honorable alikaa mbele kwa Mama Odette, kavaa suti ambayo lebo ya dukani ilikuwa bado imeshonwa kwenye mkono, mimi nyuma yake na daftari. Kwenye kituo cha mafuta alimsalimia mtu aliyekuwa akifuta vioo, akanigeukia: "Katibu, andika. Amekutana na raia." Mkutano ulifanyika sebuleni kwa Yaya Joséphine. Walihudhuria watu tisa, na kati yao wawili walikuwa wamekuja kutengeneza friji. Honorable akaongea dakika hamsini juu ya barabara za Uvira, kule Kivu. Kwa nini barabara, sijui. Alipouliza "Tunakubali?", saba wakasema "mm", na wale wa friji, ambao hawakuelewa neno hata moja, wakatikisa kichwa kwa heshima. Nikaandika nilichozoea kuandika. Kwa hiyo mjini Columbus wapo mafundi wawili wa friji ambao mpaka leo wanaunga mkono msimamo wetu kuhusu barabara za Uvira.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Ni makosa mawili, moja limekaa juu ya jingine.

Darasa la kumi, mwalimu wa uraia alipitisha bakuli lenye vikaratasi. Kila kikaratasi kilikuwa na mwanasiasa wa serikali ndogo, uandike maisha yake ya kazi. Nilitaka nipate marehemu, maana marehemu ni rahisi kufupisha. Nikapata mama mmoja aliyekuwa mjumbe katika baraza la jimbo la kaskazini kabisa ya Kanada, kule barafu inakaa mpaka watu wengine wanaanza likizo. Nilimsoma wiki mbili na nikampenda, bila yeye kujua, ndivyo ninavyopendelea kupenda watu. Baraza lao halina vyama. Wajumbe wanakaa duara. Kiongozi wanamchagua wenyewe kwa wenyewe, kwa karatasi za siri. Eneo lake lilikuwa vijiji vichache, na kati ya kijiji na kijiji ni ndege ndogo, na ukungu ukishuka siasa yote inasubiri uwanjani na mabegi yake. Wapiga kura walimkuta kwenye duka la pekee, mbele ya mayai, wakamwambia wanavyomfikiria. Uchaguzi wa tatu wakamwangusha. Akarudi kazini kwake kwa zamani, dukani humohumo, akawauzia mayai walewale waliomtoa.

Nilisoma pia kumbukumbu za vikao vyao, kwa sababu hiyo ni fani yangu. Kura ikipigwa kwa kuhesabu, katibu wao ana maswali matatu. Nani anakubali. Nani anakataa. Nani hasemi upande wowote. Hata anayenyamaza anaandikwa na kuhesabiwa. Nikapiga mstari chini ya hapo, na sikujua kwa nini.

Kosa la juu ni kwamba nilimsimulia mama yangu habari zake ndani ya vani, tukitoka kanisani, na Honorable alikuwa amekaa mbele.

"Habana vyama?" akauliza bila kugeuka.

"Hapana, papa."

"Banaikala duara, banakubaliana bote?"

"Ndiyo, papa. Lakini kiongozi wanamchagua kwa karatasi za siri."

Hiyo nusu ya pili niliiambia zipu ya koti langu. Alisikia nusu, kwa kuwa nilimpa nusu. Mkutano uliofuata, ambao ulikuwa na hoja ya uchaguzi, akasimama akasema: "Kule Kaskazini habana vyama, na siye hatuna vyama. Beye banaendesha kwa makubaliano, bote, hakuna mumoja anabaki inje. Donc na siye tunafanya vile. Uchaguzi ya nini? Tunakubali?" Mm. Nikaandika. Toka siku hiyo akaanza kununua kofia za manyoya.

Mwaka huu, mwezi wa pili, binti yake aliyeko Buffalo akapata nyumba yenye gereji. Nadhani wazo lote lilitoka kwenye hiyo gereji. Honorable akaitisha kikao Highview, akatangaza kwamba anahamia Buffalo kwa binti yake na uongozi unahamia naye, karibu na mpaka wa Kanada, "pale tunaonana na Kaskazini". Na vani pia ihamie, iwe gari ya ujumbe, iandikwe jina la Umoja ubavuni. Kikao kikuu cha miji yote kitakaa Buffalo kuthibitisha.

"Tunakubali?"

"Mm," wakasema kina mama kumi na mmoja, na mama yangu mmojawapo, namwona, mikono juu ya mkoba.

Kalamu ikaandika yenyewe.

Jioni ile mama alikuwa jikoni akivunjavunja sombe, yaani kisamvu, iliyoganda kama tofali. Nikamuuliza kwa Kiingereza kwa nini amekubali vani iende. Unajua sisi tunauliza kwa Kiingereza tukiogopa jibu.

"Nani alikubali?"

"Wewe. Umesema mm. Nimekuona."

Akaweka kisu chini. "Mm iko ndiyo?"

"Si ndiyo?"

"Furaha. Muntu mukubwa akiongea, unamuitikia, ajuwe kama haujalala. Mm ni kusema nakusikia papa, endelea, tuko hapa. Ndiyo iko ndiyo. Mm iko mm."

"Na mtu akitaka kukataa, anasemaje?"

"Hasemi. Anarudia nyumbani, hafanye."

Nikavikumbuka vitenge vya njano, vyote, vikiwa vimekunjwa kwenye mabegi ya Highview nzima.

"Uliandika nini mu ile kitabu?" mama akauliza.

Nikamletea madaftari matatu. Nikamsomea. Kitenge, wote wamekubali. Kiingereza, wote wamekubali. Barabara za Uvira. Alicheka mpaka akashika mlango wa friji. Nilipofika kwa mafundi, akakaa chini kabisa. Kisha nikamsomea la vani, na kicheko kikakatika palepale.

"Donc miaka mitatu uko unatukubalisha."

Hilo ndilo kosa la chini. Nilikaa naye sakafuni.

"Kitenge unaacha mu sanduku," akasema baadaye. "Vani ikienda, imeenda. Huwezi kurudia nyumbani usifanye. Nyumbani njo kwenye itatoka, pale mulangoni."

"Basi Buffalo usimame useme hapana."

Alinitazama kama nimemwambia avue nguo. "Nimuambie hapana mbele ya batu? Ule muzee alitupatia shitingi mvua iko inanyesha, weye uko na siku ine. Alipanda yeye mwenyewe juu akafunga kamba. Ile neno siwezi, Furaha. Batanitoa kazi, sawa. Lakini ile siwezi."

Nilimchukia Honorable usiku huo kwa ile kamba aliyoifunga vizuri.

Tulisafiri kwenda Buffalo Ijumaa asubuhi, Honorable ameshatangulia, kina mama wote wameomba ruhusa kazini, wewe Solange na mama yako mko kiti cha nyuma mnakula karanga. Columbus tukampakia Yaya Joséphine. Nikamweleza yote kwa kunong'ona, kuanzia mm ya kwanza. Kisha akasema, "Na wale ba friji pia?" akacheka mpaka Mama Odette akamuuliza kwenye kioo kama anaumwa.

"Sikiya," akaniambia alipotulia. "Mama yako hawezi kusema hapana. Hakuna mama mu hii gari anaweza. Sawa. Kule kwa ule mama yako wa barafu, muntu mwenye hawezi kusema hapana, banamufanyaje?"

"Wanamhesabu."

"Voilà."

"Mimi katibu, Yaya. Katibu haongei."

"Katibu hana kura. Lakini si iko yeye anasomaka kitabu?"

Jumamosi asubuhi, kabla ya kikao, Honorable alitupeleka mtoni tuione Kanada. Ilikuwa pale ng'ambo, na majengo na magari, kama hapa tu. Akasimama ukingoni na kofia yake ya manyoya, akaivua, akaiinua juu, akasema kwa sauti: "Kaskazini, tunawasalimia." Kanada ikanyamaza. Kwa desturi ya ofisi yangu, imekubali. Mzee mmoja wa Buffalo akamwambia kwa upole kwamba ile barafu anayoitafuta iko mbali sana kutoka hapo, ni safari ya ndege na ndege tena. Honorable akasema, "Mm."

Kikao kikafunguliwa saa nane mchana, watu wazima arobaini na wanne. Yeye akaongea. Nami nilikaa karibu na hita, jasho linanitoka na haikuwa hita. Alipomaliza akasema, "Batu ya Louisville bameshakubali. Katibu atasoma, ili bandugu ba Buffalo na Columbus basikie."

Nikasimama. Solange, nikufundishe jambo moja la kazi ambalo Yaya hakuwa nalo: ukisimama mbele ya watu na unataka kukimbia, kanyaga kiatu kimoja kwa kingine. Maumivu yanaipa akili shughuli.

Nikasoma: "Honorable aliuliza, tunakubali. Watu walisema mm."

"Soma vile uliandika," akasema.

"Niliandika wote wamekubali. Nilikosea, papa."

Mahali fulani mtoto aliangusha kijiko. Nilijua kwamba nikikaa chini sasa sitasimama tena mpaka nife, kwa hiyo nikaendelea kuongea, na macho kwenye daftari kana kwamba imeandikwa humo. "Kule Kaskazini, ambako Honorable alitufundisha habari zake, katibu akihesabu ana maswali matatu. Naomba niyaulize ili niandike vizuri. La kwanza. Nani anakubali vani ihamie Buffalo, anyooshe mkono."

Honorable akanyoosha, kwa sababu ni kweli alitufundisha habari za Kaskazini na angekataaje. Mkwe wake akanyoosha. Na bwana mmoja aliyekuwa ndio kwanza anarudi kutoka nje, nafikiri alidhani tunahesabu sahani.

"Watatu. La pili. Nani anakataa?"

Hakuna. Hata mmoja. Kina mama kumi na mmoja wakatazama sakafu ya Buffalo kama wameajiriwa kuipiga deki. Namwona mama, mikono juu ya mkoba uleule.

"Voilà," Honorable akasema, anatabasamu.

"La tatu." Sauti ilinitoka nyembamba kama uzi. "Nani ananyamaza?"

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha mama yangu akaondoa mkono mmoja kwenye mkoba, akautazama kidogo, akaunyoosha juu. Hakusema neno. Mama Odette akanyoosha. Mama yako, Solange, karanga bado zimo kiganjani. Halafu safu nzima, halafu watu wa Columbus, halafu hao wa Buffalo wenyewe, ambao vani ilikuwa inaletwa kwao, mikono juu kila mahali na midomo yote imefungwa. Sijawahi kusikia kitu chenye kelele kama hicho. Nikahesabu mara mbili.

"Arobaini na mmoja," nikasema.

Honorable aliangalia ile mikono. "Kunyamaza haiko kukataa," akasema.

"Haiko kukubali pia, Papa," Yaya Joséphine akasema, taratibu, kwa heshima yote. "Na weye njo ulituambia kule banakubaliana bote, hakuna mumoja anabaki inje. Hapa inje ni arobaini na mumoja."

"Funguo iko na nani?" mkwe akauliza.

"Iko na miye," Mama Odette akajibu, mkono wake ungali juu. "Niko nanyamaza nayo."

Watu wakakohoa. Wakohoaji wengi sana kwa wakati mmoja. Honorable akatoa leso, akafuta uso, na kwa muda nikamwona Zeke, yule wa ghala, aliyenitazama siku ya miwani. Nilitaka kukaa chini nimwombe msamaha. Lakini mwanasiasa ni mwanasiasa. Leso iliporudi mfukoni, Honorable alikuwa amerudi nayo.

"Bon," akasema. "Nimesikia bandugu. Donc mimi mwenyewe, kama kiongozi, niko napendekeza: vani ibakie Louisville, ju ya bamama. Tunakubali?"

"Ndiyo," ukumbi ukasema.

Miaka mitatu nilikuwa sijawahi kulisikia hilo neno kikaoni. Ni kubwa kuliko mm, linagonga ukuta na kurudi. Nikaliandika kwa herufi kubwa.

"Na tena," akasema kabla halijamaliza kugonga, "katibu wetu amekomaa, masomo ni mingi, amechoka. Tumupumuzishe. Mutoto wa Mama Solange, ule pale, eko na mukono muzuri wa kuandika. Solange, si utafanya?"

Ukasema mm.

"Bon, amekubali. Na siye, tunakubali?"

"Mm," wakasema, wote arobaini na kitu. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Nilimwangalia mama. Jioni wakati wa kula aliniambia, "Nilimuitikia tu," na akaniongezea nyama. Kwenye daftari nimeandika: *Watu wamesema mm.* Utakuta ukurasa huo ni wa mwisho kwenye daftari la tatu. Kabla yake kuna ukurasa wa mikono, una mistari mitatu. Anakubali: watatu. Anakataa: hakuna. Ananyamaza: arobaini na mmoja. Wewe nenda ukaulizwe upya hiyo kazi. Kama ni ndiyo, sema ndiyo. Kama sivyo, najua mtu anayeuza kalamu za kushikia nywele tu.

Kesho yake, Jumapili, saa moja asubuhi, vani ilikuwa imesimama mbele ya nyumba ya binti yake na kina mama wanapakia mifuko. Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa kumefagiwa. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, mpya, na katikati walikuwa wamechora kwa utepe wa kunata umbo la gari, urefu na upana, sawasawa kabisa na vani yetu. Honorable alisimama pembeni ya hilo umbo, bila kulikanyaga, kavaa kofia yake.

"Katibu."

"Papa."

"Ile ya mikono," akasema kwa sauti ya chini, "haina maana kuiweka. Batoto watasoma, batawaza mubaya. Andika tu: Honorable alipendekeza vani ibakie, wote wamekubali. Ile ingine utaitosha, uipasue. Si tumesikilizana?"

Daftari lilikuwa chini ya kwapa langu. Lilikuwa limeandikwa kwa wino, na usiku uliotangulia nilikuwa nimepitisha kalamu mara mbili juu ya kila herufi.

Nikasema: "Mm."

"Bon," akawaambia kina mama, uso umemng'aa. "Amekubali."

Mama akageukia upande wa pili, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikapanda, nikakaa karibu naye, nikachomeka kalamu kwenye nywele. Na kwa kuwa ule mlango unafungwa kwa nje tu, ni yeye Honorable aliyetufungia, akaupiga kofi mara mbili kuhakikisha umeshika, nasi tukaondoka.